Mafundo Matatu ya Siku Moja

Hapo zamani, mwaka ule karafuu zilipogoma kuzaa na mchele wa kuletwa ukakatika, watu wa Kijumbani walikula muhogo mchungu. Hawakuula kwa kuupenda. Muhogo mchungu hupandwa pembeni mwa shamba kwa sababu kima hauibi na nguruwe hauchimbui, na kitu alichokikataa nguruwe kina maneno. Ila mwenye njaa hana miiko. Ukirowekwa siku za kutosha, maji yakibadilishwa, uchungu hutoka na muhogo ukawa chakula. Usiporowekwa vya kutosha huwa jambo jingine, na hilo jambo jingine ndilo nililolijia.

Kaeni vizuri basi. Na wewe hapo mlangoni, ama uingie ama utoke. Nikishaanza sirudii.

Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri, Mize, mke mdogo wa Makame mkwezi wa mikarafuu, alianguka jikoni kwake, mwiko mkononi. Alitapika, akashika kichwa, na jua lilipofika utosini alikuwa hana roho. Mwanamke wa miaka ishirini na sita! Wiki moja tu kabla yake alikuwa akitwanga na kuimba mpaka majirani wakamwomba apumzike, si yeye, wapumzike wao. Akaacha mtoto mmoja wa kike, Hasina, wa miaka mitano, ambaye siku hizo alikuwa kwa bibi yake upande wa pili wa kijiji.

Watu hawakungoja hata azikwe. Lisemwalo lipo, wakasema, na lililosemwa lilikuwa moja tu: Raya. Raya alikuwa mke mkubwa wa Makame. Nyumba za wake wenza hao zilitazamana katika uwanja mmoja, na wenyewe walikuwa hawajaamkiana mwezi wa tisa huo. Kisa? Mbuzi. Si mbuzi wa kulia mee, ni mbuzi ya kukunia nazi. Raya alimwazima Mize mbuzi yake ikiwa nzima, ikarudi imevunjika jino. Mize akaapa aliipokea hivyo hivyo. Raya akaapa hakuitoa hivyo. Basi wakanuniana miezi tisa, na nazi zenyewe mwaka ule zilikuwa za kuhesabu.

Habari ikamfikia Mudiri, mkubwa wa wilaya ile. Siku ya Jumatatu akaja na karani wake, askari mmoja na mganga wa serikali, wakakalishwa katika banda la kukaushia karafuu, ambalo mwaka huo lilikuwa tupu. Mganga akanusa chungu, akatazama kuku wawili waliokufa kwa kudonoa mabaki ya chakula cha Mize, akasema, "Hii si sumu ya kununuliwa. Ni muhogo. Umetolewa majini kabla ya siku zake." Akafunga mkoba wake akaenda zake.

Watu wakatazamana. Muhogo utolewe kabla ya siku zake, Kijumbani? Haiwezekani. Kijumbani kulikuwa na uzi.

Uzi huo niueleze, maana mambo yote yako hapo. Mtu akiroweka muhogo, hufunga uzi wa ukindu, jani lile la kusukia mikeka, kwenye shingo ya mtungi. Kila abadilishaye maji hupiga fundo moja. Fundo la tatu likishalala usiku mmoja, muhogo hutolewa, hupikwa, huliwa. Hakuna haja ya kuhesabu siku wala kuulizana. Mtu anaweza kusafiri, anaweza kuugua, akirudi anatazama uzi na uzi unamwambia.

Kawaida hiyo haikuzaliwa Kijumbani. Ililetwa na Bi Kazija, mama yake Mize, miaka arobaini nyuma, alipokuja kuolewa hapo akitokea kijiji cha Jiweni. Miaka ya shibe watu waliona ni kitu cha kuchezea tu. Njaa ilipoingia, kila mtungi ukavaa uzi, na wanawake wakikutana naye kisimani humwambia, "Bi Kazija, Mungu akuweke, umetuokolea watoto." Naye hujibu kuwa ni wazee wa Jiweni, si yeye. Lakini alikuwa anafurahi, kwa nini nimfiche? Mtu aliyekuja kijijini akiwa mgeni, akazeeka akiwa mgeni, hatimaye ana kitu chake.

Siku hiyo ya baraza Bi Kazija alikaa mbele kabisa, juu ya mkeka, Hasina mapajani. Machozi yalikuwa yamemwishia. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali, na kitu kimoja tu kilikuwa kikimzuia asianguke: uzito wa yule mtoto.

Kwanza akasimama Sheha wa kijiji, akakumbusha mila. "Bwana Mudiri, sisi hapa tuna neno la wazee. Mkono ulioshiriki kifo haulishi yatima wa kifo hicho. Aliyekusudia, mchukue wewe kwa pingu zako. Asiyekusudia, hatumpigi wala hatumfukuzi, ila mtoto huyu hatamlea. Kwa hiyo tunataka tujue mkono ni wa nani."

Bi Kazija akamkumbatia mjukuu wake. Kwa dini na kwa mila, mama wa mama ndiye wa kwanza. Alijua Hasina ni wake. Alichokuwa anangoja ni kuambiwa hivyo kwa sauti.

Mudiri alikuwa mtu mfupi, mwenye mafua. Akapenga kamasi kwenye leso, akainua kitu kutoka mezani. "Uzi huu umetoka kwenye mtungi wa marehemu. Una mafundo matatu. Marehemu aliona matatu, akapika, akala. Mganga anasema muhogo ulikuwa haujafika. Basi uzi umesema uongo, na uzi hauna mdomo. Aliyegusa mtungi huu asimame."

Akasimama Raya. Banda likavuma.

"Naitwa Raya binti Shaame. Alhamisi asubuhi mwenzangu alitia muhogo majini, nilimwona. Mchana homa ikamwangusha. Ijumaa asubuhi nikawa nafagia uwanja, sisikii kinu chake, nikachungulia. Nikamwona amelala, anatetemeka, haoni mtu. Nikatazama mtungi, uzi hauna fundo hata moja. Nikamwaga maji machafu, nikatia masafi, nikapiga fundo. Nikatoka."

"Ukamwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mwenyewe hatusemezani."

"Humsemezi, lakini unambadilishia maji."

"Maji hayana ugomvi na mtu, Bwana Mudiri. Mbuzi yangu ndiyo iliyovunjwa jino."

Watu wakacheka. Mudiri akangoja wamalize. "Na Jumamosi, alipopika, hukuona?"

Hapo Raya akaishika ncha ya kanga yake. "Niliona moshi," akasema. "Nikasikia harufu ya muhogo. Nikajiuliza, muhogo gani huu, wa mtungini si bado? Nikasema labda kaletewa mwingine. Nikasimama mlangoni kwangu na ufagio. Kutoka pale hadi jikoni kwake ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu baadaye. Nikasema, nikimwuliza, ataona nimeanza mimi kumsemesha. Nikarudi ndani." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sikujua kama jino la mbuzi lina bei hii. Mimi Mungu hakunipa mtoto. Lakini Hasina alijifunza kutembea kwa kushika kanga yangu, na tulipoacha kusemezana na mama yake, yeye hakuacha kuvuka uwanja kuja kwangu. Nilipiga fundo moja kwa siku moja. Mkono wangu ulikuwa mwema. Mtoto nipeni mimi."

Akakaa. Akasimama wa pili, Salha, jirani na shoga wa marehemu.

"Naitwa Salha binti Khatibu. Nilikuwa kwa binti yangu aliyejifungua, siku nne, nimerudi Ijumaa jua linatua. Kabla sijafika kwangu nikapita kwa shoga yangu. Nikamkuta amelala, kachoka, homa inamwachia. Nikatazama mtungi, nikaona mafundo mawili. Nikasema alhamdulillahi, hii ni siku ya tatu, wa kubadilisha hayupo. Nikamwaga maji machafu, nikatia masafi, nikapiga fundo."

"Kuuliza si ujinga, mama. Ulipoona mawili ulimwuliza nani?"

"Kuuliza si ujinga, kweli, lakini uzi umewekwa ili tusiulizane."

Bi Kazija akainua macho. Maneno yale yalimgusa mahali, hakujua wapi. Akayaacha yapite.

"Na yeye mwenyewe," Salha akaendelea, "yeye mwenyewe aliniuliza. Alifumbua macho akaniambia, 'Shoga, leo siku gani? Siku zimenipotea.' Mimi nikamwambia, 'Lala, mwenzangu, kesho muhogo wako unatoka.' Nilitaka kumpa la kumfurahisha. Kama ningemwambia leo Ijumaa, neno moja tu, Ijumaa, angehesabu mwenyewe. Astaghfirullah! Mdomo ulikuwa mchungu kwa homa, asingeweza hata kuonja akajua." Akavuta pumzi. "Lakini mtoto huyu, maziwa ya mama yake yalipokauka, ni mimi niliyemnyonyesha pamoja na wangu. Mwili wake huu una maziwa yangu. Nilifuata uzi, na uzi ulisema mawili. Mkono wangu ulikuwa mwema. Mtoto nipeni mimi."

Mudiri akachukua uzi, akahesabu kwa kidole. "La kwanza, Raya, Ijumaa asubuhi. La tatu, Salha, Ijumaa jioni. Kati ya asubuhi na jioni ya siku moja kuna fundo hapa. Limetoka wapi?"

Watu wakageukiana.

"Nauliza tena. La katikati ni la nani?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kapiga mawili huyo! Mke mwenza huyo!" Banda zima likalipuka. Mudiri akagonga meza mpaka kidau cha wino kikaruka.

"Raya," akasema polepole, "siku moja, fundo moja, umesema mwenyewe. Kama ulipiga mawili, ulitaka mwenzako ale kabla ya wakati. Huko si kukosea, huko ni kuua. Una hakika ulipiga moja?"

"Moja! Wallahi moja! Bwana, mimi ni mnunaji, si muuaji!"

Askari akamsogelea, akamsimamisha. Pingu zililia.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo Bi Kazija alipokuwa na njia yake wazi. Raya akichukuliwa, maneno yamekwisha. Muuaji kapatikana, mtoto yuko mapajani, kila mtu anakwenda kwake. Na wala hakuwa akimpenda Raya, kwa nini ampende? Ni mke mwenza wa mwanawe. Lakini alikuwa msukaji wa mikeka, na vidole vya msukaji vina tabia ya kutaka kujua.

"Bwana Mudiri," akasema, "nipe niushike huo uzi."

Akapewa. Akaupitisha vidoleni, macho kayafumba. Fundo la kwanza lilikuwa la mwanamke, jepesi, limevutwa kushoto kama la kuanzia ukili wa mkeka. La tatu vilevile. La katikati lilikuwa gumu. Limezungushwa mara mbili na ncha yake imechomekwa ndani isifumuke. Fundo la namna ile halifungwi mtungini. Hufungwa kwenye kamba inayobeba uzito wa mwanamume juu ya mkarafuu.

Akakaa nalo. Watu walidhani anaomba dua. Alikuwa akipima. Mwisho akafumbua macho, na bila ya kumtazama mtu akasema, "Mkwe wangu, simama."

Makame alikuwa amekaa nyuma, kichwa kimeinama. Akasimama kwa taabu.

"Naitwa Makame wa Faki," akasema, na haikusikika. Akarudia. "Ijumaa baada ya sala nilipita nyumbani, nilikuwa naelekea mjini kungoja mchele. Nikamwona mke wangu mgonjwa, amelala. Nikatazama mtungi, nikaona fundo moja. Nikasema hili la jana, leo hakuna wa kumbadilishia. Nikamwaga maji machafu, nikatia masafi, nikapiga fundo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilimwagia nyuma ya nyumba nisionekane." Akawatazama wanaume wenzake. "Mwanamume kushika mtungi wa muhogo, Bwana, hapa Kijumbani? Ningepewa jina hadi kaburini."

Wanaume wengine wakatazama chini, maana jina lenyewe wangelitoa wao.

"Hata sasa hivi," Makame akasema, "mke mmoja nimemzika, wa pili anatiwa pingu mbele ya macho yangu, na bado niliona haya. Nimesikia pingu zikilia na nimekaa. Kama si mkwe wangu kunisimamisha, sijui ningesimama lini. Nilipanga foleni mjini tangu Ijumaa jioni hadi asubuhi, nikapata pishi mbili za mchele, nikarudi mbio. Nimefika wanamkafini. Mchele ule uko pale nyumbani, haujafunguliwa." Akalia waziwazi, mwanamume mzima, bila ya kujifunika. "Mimi ndiye baba. Nilitaka kumsaidia mke wangu mara moja katika maisha yangu kwa kazi isiyo yangu. Mkono wangu ulikuwa mwema. Mtoto ni wangu, niachieni."

Askari akarudi nyuma. Raya akakaa chini kwa kishindo.

Hapo Mudiri akaona jambo lote. Mafundo matatu, asubuhi, mchana na jioni, ya siku moja. Mgonjwa anaamka Jumamosi, homa imemtoka, njaa inamkata, siku zimempotea. Anatazama mtungi, matatu. Shoga yake alimwambia kesho unatoka. Anatoa, anapika, anakula.

"Fundo lipi limeua?" akauliza.

"Si langu," akasema Raya. "Langu lilikuwa la haki, lingebaki peke yake angekuwa hai."

"Si langu," akasema Makame. "La katikati halianzi wala halimalizi."

"Si langu," akasema Salha. "Mimi nilisoma nilichokikuta."

"Nikifumua lolote kati ya haya," Mudiri akasema, "yanabaki mawili, naye angengoja. Basi yote ni sawa. Mikono mitatu imeshiriki, hakuna uliokusudia. Sitamfunga mtu. Ila kwa mila yenu hakuna kati ya hawa watatu atakayelea. Mtoto anabaki kwa mama wa marehemu, na dini nayo inasema hivyo. Karani, andika."

Karani akachovya kalamu. Bi Kazija akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumamosi. Hasina alikuwa amelala, kichwa chake kina joto, nywele zinanukia mafuta ya nazi.

Mudiri akapenga kamasi. "Jambo moja, mama, la kukamilisha maandishi tu. Huko Jiweni kawaida hii ilikotoka, haijapata kutokea ajali kama hii?"

"Hapana, Bwana," akajibu mara moja. "Haijapata kutokea hata siku moja."

Na lilikuwa jibu la kweli. Karani akaliandika.

Lakini jibu likishatoka, likamrudia mwenyewe. Kwa nini haijapata kutokea? Watu wa Jiweni walikuwa na akili kuliko wa Kijumbani? Walikuwa na upendo mdogo, hawabadilishiani maji? Akakiona kisima cha Jiweni, kile cha pangoni, alichokuwa akienda na mama yake wakati majogoo hawajawika. Maji yake yalijikusanya tone kwa tone usiku kucha. Alfajiri wanawake wanachota, na jua likichomoza pamebaki tope. Jiweni maji yalikuwa mara moja kwa siku. Hata ungekuwa na mapenzi ya kumbadilishia mwenzako mara ya pili, ungeyatoa wapi? Ndiyo maana fundo moja lilikuwa siku moja. Kijumbani kisima kinafurika mchana na jioni, na yeye miaka arobaini akichota humo hakuwahi kuliwaza.

Jiweni ilikuwa imekufa. Watu walihama, nyumba zikaanguka, hakuna aliyebaki wa kusimulia habari za kisima. Akinyamaza, hakuna atakayejua mpaka kiama. Na hakuwa amesema uongo.

Karani alikuwa akikausha wino.

"Usifunge daftari, mwanangu," akasema Bi Kazija.

Akawaeleza. Aliwaeleza kisima, na alfajiri, na tope, kwa sauti ileile ya mtu anayefundisha kusuka. "Mimi nilileta uzi," akasema mwishoni, "sikuleta kisima. Wenzangu niliwaambia kila abadilishaye maji apige fundo. Kule hatukusema kila alfajiri, kwa sababu hapakuwa na wakati mwingine. Mmenishukuru kwa uzi huo tangu njaa ilipoingia na nimezipokea shukrani zenu. Basi na hili nilipokee. Hawa watatu wamefuata nilivyowafundisha. Mwanangu naye amefuata nilivyomfundisha. Andika mkono wangu nao."

"Mama!" Salha akapiga kelele. "Ungelinyamaza!"

"Najua," akasema Bi Kazija. "Nilikuwa nimeshafika, mtoto nimeshapewa."

Mudiri akaweka kalamu chini. Akamtazama Sheha, Sheha akatazama paa. "Mila yenu mnaisikia," Mudiri akasema. "Mikono minne, na yote imeshiriki. Nikiifuata, mtoto huyu anaondoka nami leo kwenda mjini, kwa watu asiowajua hata majina, ambao kosa lao halipo kwa sababu hawajapata kumbadilishia mtu maji. Nikiivunja, lazima niivunje kwa ajili ya mmoja. Semeni nyinyi. Nani?"

Wakaanza kusema wote. Wengine wakasema Raya, kwani fundo lake peke yake lilikuwa la kweli, wengine wakamjibu kwa hatua kumi na mbili. Wengine wakasema baba ni baba, wakajibiwa kwamba baba alikaa kimya pingu zikilia. Wengine wakasema Salha, maziwa hayafutiki, wakajibiwa kwamba ni yeye aliyeulizwa siku akajibu muhogo. Wengine wakasema bibi, aliyejitoa mwenyewe bila ya kushikwa, wakajibiwa kwamba ukimpa mtu kwa kukiri kosa, basi kosa limekuwa ndilo malipo.

Kelele zikamwamsha Hasina. Akajinyoosha, akajikuna, akawatazama wale watu wote kama watu waliomkosesha usingizi, na ndivyo ilivyokuwa.

"Bibi," akasema, "nina njaa. Leo nani anapika?"

Raya akasimama. Makame akasimama, amekumbuka mchele wake. Salha akasimama. Wa nne hakuweza kusimama, maana mtoto alikuwa amemkalia.

Mimi hapa ndipo nilipoikuta, na hapa naiweka chini. Msiniulize Mudiri aliamua nini, mafua yalikuwa yamemzidi. Mtoto ana njaa na mikono ni minne. Hakuna kati yake uliotaka ubaya, na hakuna ulio safi. Haya, nyinyi mnaojua kusema, na wewe hapo mlangoni ambaye hata sasa hujaamua kuingia wala kutoka: Hasina ale kwa mkono wa nani? Je, nani alistahili?